MBU, MGUU NA NAMBA



Sisi tufanyao kazi katika maabara ya vinasaba vya mbu huulizwa mara nyingi: "Mbu si mbu tu? Mwatafuta nini?"

Jibu letu ni hili. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hueneza malaria wote wawili, na hata chini ya hadubini hawatambulikani. Lakini wa kwanza hupenda zaidi damu ya watu, na hutua ndani ya nyumba. Wa pili huuma ng'ombe pia, na mara nyingi hupumzika nje. Basi dawa ipulizwayo ukutani yaweza kumwua huyu ikamkosa yule.

Ili kuwatenga, twatia mguu mmoja wa mbu katika kijichupa, kisha DNA yake huzidishwa kwa njia ya PCR iliyotangazwa mwaka 1993. Kipande cha gambiae huwa na jozi 390, cha arabiensis 315.

Jioni moja tuliona kwamba safu mbili za vijichupa zimebadilishana namba. Hapakuwa na shahidi ila sisi. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Kusema kulikuwa kupoteza kazi ya siku tatu. Tulisema, tukakemewa, tukaanza upya.

Ndugu makarani, ninyi mwajua: daftari likisema uongo, mkubwa huamuru uongo bila kujua. Namba yetu ikipotoka, dawa hupelekwa pasipofaa, na mtoto huugua. Mbu hana msemaji ila kibandiko chake. Nasi tukiandike kwa haki.