Kitabu cha Mwongozo: Msaada wa Kupanga Ziara ya Mbugani Kabla ya Kutoa Pesa

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya Idara ya Utalii ya Kaunti kwa walimu, viongozi wa vyama na vikundi vya vijana wanaojiandaa kuzuru mbuga za Tsavo.



Takriban asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1948, kisha ikagawanywa mara mbili. Kwa pamoja mbuga hizi zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Hata hivyo, wako wakazi wengi wa Sagalla, Mbololo, Bura na Kasigau ambao hawajawahi kupita langoni. Ndovu wanayemjua ni yule anayeingia shambani usiku na kuacha mahindi yamelala chini. Mtoto anayekua hivyo humjua mnyama kwa hasara peke yake. Ziara moja iliyopangwa vizuri humwonyesha upande wa pili: ndovu aliye kwao, na mtoto wake, kwenye maji.

Ndiyo sababu shule na vyama vingi huweka akiba kwa ajili ya safari hiyo. Akiba hiyo hukusanywa kidogo kidogo kwa muda mrefu, lakini huweza kupotea kwa siku moja. Basi hufika langoni limechelewa, ada inakuwa tofauti na ile iliyochangwa, au kikundi kinashinda barabarani kikitafuta mahali ambapo hapafikiki kwa siku moja. Mara nyingi kikundi hicho kilikuwa na kitabu cha mwongozo mkononi. Kasoro ilikuwa katika namna ya kukisoma.

Yanayokaa na yanayobadilika

Kitabu cha mwongozo kina habari za aina mbili, na kila anayepanga ziara azitenganishe kwa kalamu kabla ya jambo lingine lolote.

Aina ya kwanza ni mambo yanayokaa. Mto Galana utaendelea kuanzia pale Athi na Tsavo zinapokutana. Mwamba wa Mudanda utabaki kati ya Manyani na Voi. Uwanda wa juu wa Yatta, ulioachwa na lava ya zamani, hauhami. Malango, umbali, milima, mito na majira ya mvua huzeeka polepole. Kwa mambo hayo, hata kitabu cha miaka kumi iliyopita kina faida, na mwalimu asikidharau kwa sababu jalada limechakaa.

Aina ya pili ni mambo yanayobadilika: ada za kuingia, njia ya kulipa, hali ya barabara, kambi zilizo wazi na maji katika mabwawa. Kitabu huandikwa, huhaririwa, huchapishwa, husafirishwa, kisha hukaa dukani. Bei iliyomo ilianza kuzeeka kabla mnunuzi hajaifungua kurasa. Bwawa la Aruba katika Tsavo Mashariki ni mfano mzuri. Lilijengwa mwaka 1952 kwenye Mto Voi, na vitabu hulisifu kwa makundi ya wanyama wanaokuja kunywa. Lakini ukame ukizidi, bwawa hilo hukauka. Kitabu hakikudanganya. Kilieleza mwaka wenye maji.

Kwa hiyo kanuni ni hii: la kwanza lisomwe kitabuni, la pili liulizwe. Ada ithibitishwe kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, katika wiki ambayo mchango unapangwa. Malipo ya mbuga za KWS hufanywa kupitia eCitizen, wala si kwa pesa taslimu langoni. Mweka hazina anayebeba noti kwenye bahasha atachelewesha gari zima.

Kitabu kilimwandikia nani?

Vitabu vingi vya mwongozo kuhusu Kenya vimeandikiwa mgeni anayetua Nairobi au Mombasa. Jambo hilo halina ubaya, ila mwenyeji anapaswa kukigeuza kitabu kabla ya kukitumia.

Kwanza, bei zake mara nyingi ni za mgeni kutoka nje, tena kwa dola. Raia wa Kenya ana kiwango chake, na watoto na wanafunzi wana viwango vyao. Ili raia apate kiwango hicho, mtu mzima aonyeshe kitambulisho cha taifa. Chama kikisahau vitambulisho nyumbani, hesabu yote hubadilika pale langoni.

Pili, vitabu huziweka mbuga hizi mbili katika sura moja iitwayo Tsavo. Msomaji hudhani ni mahali pamoja. Ukweli ni kwamba barabara kuu ya Nairobi–Mombasa imezitenganisha, kila moja ina malango yake, na kila moja hulipiwa peke yake. Anayetaka kuona Aruba asubuhi na chemchemi za Mzima alasiri analipa mara mbili, tena anashinda ndani ya gari. Kikundi cha siku moja kichague mbuga moja.

Tatu, kitabu kitaeleza kwamba Tsavo Magharibi huingiliwa Mtito Andei, kwa kuwa mgeni wake anatoka Nairobi. Mkazi wa Mwatate au Taveta ana lango la Maktau karibu zaidi, kwenye barabara ya Voi–Taveta. Hata hivyo, lango la karibu si lazima liwe njia fupi ya kufika mahali panapotakiwa. Kabla ya kuchagua, iulizwe KWS hali ya barabara ya ndani kutoka lango hilo, na kama basi la shule linaweza kuipita.

Nne, kitabu hakizungumzi sana juu ya basi la abiria wengi. Ada ya gari hutegemea idadi ya viti, na haimo katika ada ya watu. Iandikwe kwenye mstari wake katika bajeti.

Ramani, uzi na saa

Ukurasa wenye faida kubwa zaidi katika kitabu cha mwongozo ni ramani, nao ndio unaorukwa. Chukueni uzi wa kushonea. Ulazeni juu ya barabara kwenye ramani, ukifuata kila kona, kutoka langoni hadi mnakokwenda. Kisha unyosheni kwenye kipimo cha ramani. Mtapata kilomita za kweli. Mstari wa moja kwa moja unaopimwa kwa jicho hudanganya.

Baada ya hapo, geuzeni kilomita ziwe saa. Mwendo wa juu unaoruhusiwa mbugani ni kilomita 40 kwa saa. Kutoka lango la Mtito Andei hadi Mzima ni kilomita 48 hivi. Bila kusimama hata mara moja, hiyo ni saa moja na dakika 12. Lakini hakuna anayekwenda mbugani asisimame. Twiga akivuka, gari litasimama. Hesabuni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi.

Sasa hesabu ianzie mwisho. Malango hufungwa jioni, na kila kikundi kijipangie kuwa nje kufikia saa kumi na mbili. Basi la kutoka Mzima liondoke saa kumi. Kikundi kilichoingia saa tatu asubuhi kinafika Mzima saa tano, na kina saa tano nzima za kuona, kula na kupumzika. Kikundi kilichoingia saa sita mchana kinafika saa nane, na kina saa mbili tu. Ada waliyolipa ni ile ile. Kutoka Voi hadi Mtito Andei peke yake ni karibu kilomita 100 za barabara kuu yenye malori. Kwa hiyo saa ya kuondoka nyumbani ndiyo inayoamua kama akiba ya chama imenunua siku nzima au kipande chake.

Kwa watoto wadogo wa maeneo ya Voi, hesabu hiyo hiyo inaelekeza kwingine. Lango la Voi liko karibu na mji, na Aruba ni kama kilomita 30 kutoka hapo. Tsavo Mashariki ni tambarare na wazi zaidi, na mtoto aliyeketi dirishani huona mbali. Ndovu wake wana rangi nyekundu kwa sababu ya udongo wanaojimwagia. Mtoto wa Voi anaufahamu udongo huo kwa viatu vyake.

Msimu na matarajio

Sura ya hali ya hewa isomwe pamoja na kalenda ya shule. Masika ni Machi hadi Mei, na vuli huwa karibu Oktoba hadi Desemba. Wakati wa mvua nchi hupendeza na ndege ni wengi, lakini nyasi hurefuka, wanyama hutawanyika kwa kuwa maji yako kila mahali, na baadhi ya barabara hazipitiki. Miezi mikavu, Januari na Februari, na tena Juni hadi Septemba, wanyama hukusanyika penye maji ya kudumu. Likizo ya Agosti basi ina faida kuliko ya Aprili.

Mzima ni mahali pa maji hayo ya kudumu. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu hupenya kwenye miamba ya lava na kutokea chini ikiwa safi. Huko kuna viboko, mamba na samaki, na sehemu ya maji hayo husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Mwalimu akisoma kurasa hizo na wanafunzi kabla ya safari, somo la jiografia litakuwa limefika nusu. Vivyo hivyo kwa simba wawili waliowaua wafanyakazi wa reli kwenye daraja la Mto Tsavo mwaka 1898. Karibu kila kitabu husimulia kisa hicho, na simba wenyewe leo wamo katika makumbusho ya Chicago.

Lakini orodha ya wanyama kitabuni si ahadi. Chui ameandikwa, na huenda asionekane. Waambieni watoto mapema, wasirudi wakidhani wameibiwa.

Masharti ambayo hayana mjadala

Watu hubaki ndani ya gari, isipokuwa mahali palipotengwa kama Mzima, ambako hutembezwa na askari wa wanyamapori. Wanyama hawalishwi. Plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 5, 2020. Kitabu kilichochapishwa kabla ya hapo bado kinaweza kukushauri kubeba chupa za maji za dukani. Bebeni mitungi na vibuyu vya kurudi navyo nyumbani. Gari likiharibika, hakuna kushuka kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Mtandao wa simu hukosekana sehemu nyingi, kwa hiyo langoni waambieni askari njia mtakayofuata na saa mnayotarajia kutoka.

Kitabu cha pili

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kikundi kinachotoka mbugani kiandike ukurasa mmoja: tarehe, lango, ada iliyolipwa kwa kila mtu na kwa gari, barabara zilizokuwa mbovu, mahali palipokuwa na maji, wanyama walioonekana na saa walipoonekana. Ukurasa huo ukunjwe ndani ya kitabu cha mwongozo na ukae katika maktaba ya shule au sanduku la chama.

Baada ya ziara tatu au nne, shule hiyo itakuwa na mwongozo ambao hakuna duka linalouuza: ulioanzia Wundanyi au Taveta, wenye bei za raia, na uliopimwa kwa basi la shule lenyewe. Kikundi kitakachofuata kisilipe tena kwa kujifunza yale yale. Mwaka huu, kabla ya kuchangisha shilingi ya kwanza, ketini watu watatu, mmoja na ramani, mmoja na uzi, mmoja na kalamu.