Wepesi wa Mavazi kwa Wenye Maumivu ya Viungo
Nakala ya darsa ya Ramadhani iliyotolewa baada ya sala ya Alasiri

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Darsa yetu ya leo huenda ikaonekana ndogo mbele ya mambo makubwa ya mwezi huu. Tumezoea kuzungumzia Qur'ani, sadaka na usiku wa Lailatul Qadri. Leo tutazungumzia soksi, vifungo na mikono ya nguo. Tunaomba mtuvumilie, kwani yuko mzee wetu mmoja aliyetufunza kwamba jambo hili dogo linaweza kumkatia mja njia ya msikitini.

Mzee huyu ametupa idhini ya kueleza habari yake bila ya kumtaja jina. Alikuwa hakosi safu ya kwanza. Baridi ilipoingia, akaadimika. Ikapita wiki, ukapita mwezi. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulisimama mahali hapa hapa tukawasema watu wanaoisahau nyumba ya Mola wao kila baridi inapopiga. Hatukumtaja, lakini ndiye tuliyekuwa naye moyoni.

Siku tulipokwenda kumzuru, saa nne ya asubuhi, tulimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu mitupu juu ya sakafu ya baridi, soksi moja mkononi. Vidole vyake vilikuwa vimevimba. Alikuwa akihangaika na soksi ile tangu mjukuu wake alipokwenda skuli. Marehemu mkewe, Mola amrehemu, ndiye aliyekuwa akimvalisha soksi na kumfungia vifungo kwa miaka mingi, na hakuna mtu wa nje aliyejua. Mke alipofariki, mzee akabaki na mwanawe, ambaye hurudi kazini usiku, na mke wa mwanawe. Mkwe alijitolea kumsaidia, akakataa. Nyote mnaelewa kwa nini: kwetu sisi si rahisi mzee kumnyoshea mguu mkwewe amvalishe soksi. Akaona bora akae ndani.

Tulitoka kwake tumeinamisha vichwa. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Lakini inatupasa tujiulize pia ni nani aliyemfanya mzee yule aone haya kusema. Sisi tuliopandisha sauti bila ya kuuliza tulikuwa miongoni mwao.

Ndugu zetu, tuanze na swali: vazi lina kazi gani? Katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 26, Mola wetu anawakumbusha wanadamu kwamba amewateremshia nguo za kusitiri tupu zao na nguo za pambo, kisha anabainisha kuwa vazi la uchamungu ndilo lililo bora zaidi. Katika Sura ya An-Nahl anataja, miongoni mwa neema zake, joto tunalolipata kutokana na wanyama wa kufugwa, na nguo zinazotukinga na hari. Basi makusudio ni haya: sitara, pambo na kinga ya mwili. Nguo inayositiri lakini ikamtesa anayeivaa, au ikamwacha akitetemeka kwa baridi, imepungukiwa na sehemu ya neema yake.

Tena Qur'ani haikuisahau nguo ya nyumbani. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 58, watoto na watumishi wameamrishwa kuomba ruhusa nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya Isha. Tazameni jinsi sheria ilivyokiri kwamba mwanadamu ana saa za kuupumzisha mwili wake na nguo nzito, ikamwekea mlango wa kubishiwa ili apumzike kwa heshima. Hivyo mzee anayeshinda nyumbani na fulana laini na suruali pana ya lastiki hakupungukiwa na murua wake. Wala mama aliyevaa dera lake la mpira hajawa mzembe.

Sasa tuje kwenye mafundisho ya Mtume, sala na amani zimshukie. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Al-Mughira bin Shu'ba, Mungu amridhie, habari ya safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra. Mtume alikuwa amevaa juba la Kishami lenye mikono myembamba. Alipotaka kutawadha, akajaribu kuutoa mkono wake kupitia katika mkono wa juba, ukambana. Akaitoa mikono yake chini ya juba, akaiosha. Al-Mughira ndiye aliyekuwa akimmiminia maji. Alipoinama ili amvue khofu zake, Mtume akamwambia aziache, kwa kuwa alizivaa akiwa na tohara, kisha akapangusa juu yake.

Katika habari hii fupi tunapata mambo matatu. La kwanza, nguo ilipombana hakuulazimisha mkono wala hakuuacha udhu. Alitafuta njia nyingine. La pili, mbora wa viumbe alikubali kumiminiwa maji na mwenziwe, na hadhi yake haikupungua. La tatu, hakuvua kilichokuwa na ruhusa ya kubaki mguuni. Ikiwa huyo ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, na hapo hakuwa na ugonjwa wa viungo, mzee wetu mwenye vidole vilivyovimba ana haya ya nini?

Tuingie katika hukumu, maana wapo wanaojitesa kwa kutozijua. Sharti la vazi la sala ni kusitiri kinachopasa kusitiriwa na kuwa tahiri. Kanzu si sharti, wala joho si sharti. Kwa mama zetu, katika madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, nyayo nazo husitiriwa katika sala. Asiyeweza kuvaa soksi na avae vazi refu na pana la kusalia linalofunika miguu yake, nalo litamtosha. Asiache sala wala asiichelewesha kwa kumngojea mtu wa kumvalisha. Asiyeweza kusimama atasali ameketi, na asiyeweza kuketi atasali amelala ubavu, kama Mtume alivyomuelekeza Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa.

Ama khofu, mkaazi ana ruhusa ya kupangusa juu yake kwa muda wa mchana mmoja na usiku wake, na msafiri kwa siku tatu. Kwa Shafi, muda huo huhesabiwa tangu udhu unapotenguka mara ya kwanza baada ya kuzivaa. Masharti yake ni zivaliwe baada ya udhu kamili, zifunike mguu pamoja na vifundo vyake, ziwe tahiri, na ziwe imara kiasi cha kuweza kutembelewa. Soksi nyembamba hazitoshi kwa wanazuoni walio wengi, na soksi nzito zina khilafu. Lakini leo zinauzwa khofu za ngozi zenye zipu ubavuni, nazo humtoa mtu katika khilafu hiyo na katika taabu ya kuvuta. Ajihadhari tu asiifungue zipu mguu ukaonekana, kwani hapo ruhusa ya kupangusa itakuwa imekatika. Na akipatwa na janaba, ni lazima azivue aoge.

Hebu pimeni wepesi huu. Mtu aliyekuwa akiinama kuosha miguu mara tano kwa siku, sasa anaiosha mara moja, na nyakati nyingine anapitisha mkono wenye maji juu ya ngozi. Je, haikuwa ni juu yetu kumfikishia mzee wetu ruhusa hii, kabla ya kumfikishia lawama?

Baada ya hukumu, tuseme maneno ya nyumbani, maana elimu isiyofika kabatini haimvalishi mtu.

Maradhi haya kwa lugha yetu tunayaita baridi yabisi, na jina hilo limewafanya wengi waamini kwamba baridi ndiyo inayoyaleta. Sivyo. Yako yanayotokana na kulika kwa gegedu lililo baina ya mifupa, na yako yanayotokana na kinga ya mwili kuvishambulia viungo vyake yenyewe. Baridi huzidisha maumivu na ugumu kwa wengi, ndiyo maana nguo ya joto ni faraja, lakini si badala ya daktari. Na kiungo kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, pamoja na homa, aonwe daktari siku hiyo hiyo.

Nguo nyembamba mbili au tatu zilizopandana huhifadhi joto kuliko moja nzito, na haziyalemei mabega. Nguo ya kufunguka mbele ni nyepesi kuliko ya kuvalia kichwani kwa mwenye bega lililokaza. Hata dera au buibui fundi anaweza kulipasua mbele na kulitia zipu yenye kitanzi kikubwa cha kuvutia. Vifungo vidogo vibadilishwe kwa vikubwa, au kwa vile vya kubana. Kanga ya kiunoni inayohitaji fundo kila mara inaweza kushonewa lastiki. Mkono au mguu unaouma zaidi ndio utangulie kuingia katika nguo, na ndio uwe wa mwisho kutoka. Mtu avae ameketi kwenye kiti kilicho imara, nguo zikiwa zimewekwa karibu tangu usiku. Na kwa kuwa viungo huwa vigumu zaidi asubuhi, asiharakishwe. Maji ya vuguvugu kwenye mikono kabla ya kuvaa humsaidia.

Yapo pia ya hatari. Pindo linaloburura huangusha mtu kwenye ngazi. Ndara zisizo na kisigino huponyoka. Viatu vya nyumbani viushike mguu na viwe na soli isiyoteleza. Na mama anayepika futari kwa jiko la gesi, asivae mikono mipana ya kitambaa chepesi kinachoshika moto.

Hapa Uingereza wapo wataalamu ambao kazi yao hasa ni kumrudishia mtu uwezo wa kuvaa, kuoga na kupika. Daktari wa mtaa anaweza kumpeleka mgonjwa kwao. Na kwa wakaazi wa England, Sheria ya Huduma ya mwaka 2014 inalilazimu baraza la mji kumfanyia tathmini mtu mzima anayeonekana kuwa na haja ya msaada, na kumtazama pia anayemhudumia. Tathmini hiyo ni bure. Kuiomba si kuombaomba, wala si dalili kwamba watoto wamemtupa mzee wao.

Vijana wetu, tunawageukia nyinyi. Msimvalishe mzee kama anayevalishwa mtoto. Mwulizeni kwanza: nikusaidie wapi? Analoliweza mwacheni alifanye, hata akikawia. Geuzeni nyuso pale penye sitara. Aliyepewa jukumu hilo asilisimulie nje, kwani ni amana. Na kila nyumba itazame ni nani ambaye mzee atamkubali bila ya kuona haya: mwana, mjukuu, ndugu au jirani wa rika lake. Mama yetu naye huenda akamkubali bintiye na asimkubali mkaza mwanawe. Tusilazimishe, tupange.

Mzee tuliyeanza naye sasa ana khofu za zipu. Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, mjukuu wake wa miaka kumi humshikia beseni na kummiminia maji, kisha humfungia zipu. Kazi yote huchukua dakika chache. Mtoto yule hajui kwamba anafuata nyayo za Al-Mughira, tutamweleza inshallah. Na mzee, alhamdulillahi, amerudi. Anasali kwenye kiti mwishoni mwa safu, nasi tumemwomba radhi kwa yale tuliyoyadhania moyoni, naye ameturadhia.

Neno letu la mwisho. Idi inakaribia, na wengi wenu mtawanunulia wazee nguo. Kabla ya kununua, nendeni mkakae nao. Waulizeni bega lipi linauma, kifungo kipi kinawashinda, kiatu kipi kinawabana. Kanzu yenye darizi nzuri ambayo mzee hawezi kuivaa peke yake itabaki kabatini, naye atabaki ndani. Ile laini, yenye shingo pana, itamfikisha kwenye sala ya Idi.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wahurumie wazee wetu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo, na utusamehe kila dhana mbaya tuliyowadhania waja wako. Tuvike vazi la uchamungu, utukubalie saumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.