Vijana wa Jumamosi: Hotuba ya Katibu wa Kwaya

 

Historia ya miaka 25 ya kwaya yetu itasimuliwa na wengine, na picha zimo humu kijitabuni. Sisi wa kamati tuliombwa tuseme kuhusu vijana, hasa wale wanaokuja kanisani Jumamosi mchana na si waimbaji. Wengi wenu mmewaona na kuuliza ni akina nani.

Chanzo ni hiki. Siku ya Ukimwi Duniani mwaka 2014 Marekani ilitangaza mradi wa DREAMS kwa wasichana na wanawake vijana wa miaka 10 hadi 24, na Homa Bay na Migori zikawa miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa hapa Kenya. Kila kikundi kilikuwa na mlezi wake, dada aliyewazidi umri kidogo, na mahali salama pa kukutania. Walifunzwa kuhusu miili yao, kuweka akiba, na jinsi ya kusema hapana. Sisi tulio karibu na ziwa tunalijua neno jaboya, hatutalifafanua hapa mbele ya madhabahu. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na vikundi vya wasichana wetu vikanyamaza. Nauli ya mlezi ilikatika, lakini wasichana waliendelea kumuuliza, "Tunakutana lini?"

Tukawaambia waje kanisani saa nane, kabla ya mazoezi. Wakaja, tena wakaja na kaka zao. Hao kaka hawakuwa wamewahi kuwa na mradi wowote. Kijana wa miaka 16 anayeendesha boda boda hulaumiwa na kijiji kizima, wala hakuna mzee aliyeketi naye hata nusu saa.

Wanachouliza si makubwa. Walio Gredi ya 9 wanatakiwa kuchagua mkondo wa masomo: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Mzazi aliyesoma 8-4-4, au ambaye hakusoma, atamwambia nini? Msichana mmoja alitaka kuwa muuguzi na alikuwa karibu kuchagua sanaa kwa sababu rafiki yake amechagua. Dakika kumi na mama wa alto anayefanya kazi zahanati zilitosha.

Jirani yetu wa Rusinga, Tom Mboya, alipata nafasi ya kusoma Chuo cha Ruskin kule Oxford. Aliporudi hakuufunga mlango: Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81 kwenda Marekani. Sisi hatuna ndege. Tuna walimu wanne, fundi cherehani, fundi umeme, muuguzi, na besi mmoja anayefuga nyuki karibu na Ruma.

Sasa la harambee ya leo. Wapo waliotaka pesa zote zinunue sare mpya, na tulibishana hadi saa mbili usiku. Sare hizi zimechakaa, tunakubali, na safu ya nyuma mnajua kwa nini haigeuki. Hata hivyo kwaya imeamua nusu iende kwa vijana: pedi, chai, na ada ya mitihani kwa wawili wanaojifunza ushonaji.

Kwenu tunaomba kitu kigumu kuliko pesa, yaani saa mbili za Jumamosi, mara moja kwa mwezi, kwa mwaka mzima. Asiyeweza mwaka mzima asijiandikishe, maana watoto hawa wameshaachwa mara moja. Mikutano itafanyika humu kanisani, milango ikiwa wazi, watu wazima wawili wakiwapo kila mara. Hakuna kijana atakayeitwa nyumbani kwa mlezi.

Daftari liko kwa mtunza hazina, meza ya karibu na mlango. Mpaka sasa lina majina 11, na vijana ni 34.