Mzee Asikilizwe Katika Nyumba Anayotunzwa

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu mliohudhuria, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani, Mwanza mjini na huko visiwani Ukerewe, tunakuusieni na tunajiusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu.

Ramadhani moja tulikwenda na wanafunzi wa madrasa kuwazuru wazee katika makazi yao. Tulichukua unga, sukari na sabuni, tukasoma dua, kisha sisi wenyewe tukazungumza karibu saa nzima juu ya fadhila za sadaka. Tulipokuwa tunaaga, mzee mmoja ambaye vidole vyake vilikatika kwa ukoma alituzuia mlangoni kwa fimbo yake, akasema: "Shehe, sabuni tumeipokea, Mungu awalipe. Lakini njia ya chooni haina taa, na usiku tunaanguka. Tumwambie nani?" Hatukuwa na jibu. Tulisema saa nzima, wala hapana hata mmoja wetu aliyemwuliza mzee neno. Tuliporudi baada ya Idi tulimkuta kitandani. Alikuwa ameanguka.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiisoma Suratul Mujadala kwa haya. Sura hiyo inaanza kwa habari ya mwanamke aliyekuja kwa Mtume (S.A.W.) kumshitaki mumewe, naye ni Bibi Khaula binti Thaalaba. Hakuletewa chakula wala nguo. Alisikilizwa, na hukumu ikateremka. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.), naye ni Khalifa, alisimamishwa njiani na bibi huyo, akiwa amekwisha kuwa mzee, akamwinamia na kumsikiliza mpaka akamaliza. Watu walipostaajabu, aliwaeleza kuwa huyo ni mtu ambaye Mola alimsikiliza juu ya mbingu saba; basi Umar ni nani hata asimsikilize?

Sasa tutazame kwetu. Kanda hii ya Ziwa ina makazi ya wazee ya Serikali: Bukumbi wilayani Misungwi, Kolandoto huko Shinyanga, Nyabange mkoani Mara, na Kiilima huko Bukoba. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka matunzo ya wazee juu ya familia kwanza, na makazi yawe njia ya mwisho. Kwa hiyo anayefika huko aghalabu ni yule ambaye jamaa zake wamekwisha, au wamemkimbia. Wako waliotengwa kwa ukoma. Na katika nchi hii ya Usukuma wako akina bibi waliodaiwa kuwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu huo ni wa moshi wa jikoni! Wengine waliuawa. Tunasema hili kwa aibu, kwani miongoni mwa waliowashitaki wamo wanaoswali.

Mabaraza ya wazee yako katika vijiji na kata nyingi. Lakini mzee aliye ndani ya makazi anahitaji baraza lake humo humo, la wakaazi wenyewe, litakalosema juu ya chakula, dawa, maji na taa. Katika jimbo la Ontario nchini Kanada sheria inalazimisha kila nyumba ya matunzo iwe na baraza la wakaazi, na inawaruhusu jamaa kuunda lao. Baraza likitoa shauri, wenye nyumba hutakiwa kulijibu kwa maandishi katika siku 10. Hilo si jambo geni kwa umma ambao sura moja ya Kitabu chake inaitwa Shura.

Baraza la jamaa lina kazi yake, maana mzee huogopa kumlalamikia yule anayemshikia kijiko. Nasi hatuendi kugombana na watumishi. Wengi wao wanabeba mzigo mkubwa kwa mikono michache, na barua ya baraza huwasaidia wao pia kuomba kwa wakubwa wao.

Ama mzee asiye na jamaa, ni nani atakayekaa katika kiti hicho? Sisi tulio msikitini. Na wenye ndugu Sengerema na Geita waliokuwa wakitoa udhuru wa kivuko, daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025.

Baada ya sala ya leo, wanaume na wanawake walio tayari kwenda mara moja kila mwezi wabaki. Tutaandika majina, kisha tutaomba ruhusa ya msimamizi wa makazi. Safari hii atakayezungumza kwanza ni yule mzee, na daftari tutaishika sisi.