KUUNGA BAISKELI NYUMBANI
Mazungumzo kwa wahitimu wa madarasa ya kisomo



Leo tuzungumze juu ya baiskeli ya boksi. Baiskeli nyingi mpya hufika dukani zikiwa vipande vipande ndani ya boksi. Wengi wetu humlipa fundi aiunge. Si vibaya. Lakini mtu anayejua kusoma anaweza kuiunga mwenyewe, nyumbani kwake. Ni kazi ya kupendeza, tena ina faida. Siku nati ikilegea njiani, unajua pa kushika.

Baiskeli yenyewe ilikua kwa watu waliopenda kujaribu. Mwaka 1885, huko Coventry, Uingereza, John Kemp Starley aliuza baiskeli yenye magurudumu yanayokaribiana ukubwa, na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Ndiyo mama wa baiskeli zetu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alipata hati ya tairi la upepo. Alianza kwa kujaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake.

Haya, tuanze kazi.

Kwanza, tandika gunia au mkeka. Toa vitu vyote, uvipange. Soma karatasi iliyomo, kisha hesabu. Kitu kikikosekana, rudi dukani kabla hujafunga hata nati moja.

Pili, funga magurudumu. Kaza nati za pande zote mbili kidogo kidogo, kwa zamu. Zungusha gurudumu. Likigusa uma upande mmoja, legeza uliweke katikati. Mnyororo ukiubonyeza katikati, ucheze kama sentimita 1 hadi 2. Ukikaza sana unakatika upesi. Ukilegea sana unachomoka.

Tatu, usukani na tandiko. Kwenye bomba la kila kimoja tazama alama ya mstari. Mstari huo lazima uzame ndani, usionekane. Ukionekana, bomba limeingia kidogo mno na linaweza kukatika au kuchomoka ukiwa juu yake.

Nne, pedali. Hapa ndipo kisomo kinapookoa fedha. Pedali zina herufi. R ni ya kulia na L ni ya kushoto. Kulia ni kulia kwa mtu aliyekaa juu ya baiskeli, siyo aliyesimama mbele yake. Sasa sikilizeni: pedali ya kulia hukazwa kama mshale wa saa unavyokwenda, lakini ya kushoto hukazwa kinyume chake! Njia rahisi ya kukumbuka ni hii: simamisha spana juu, kisha isukume kuelekea mbele ya baiskeli. Pande zote mbili zitakaza. Anza kwa vidole na grisi kidogo. Ikigoma, usiilazimishe. Ukilazimisha, meno yanalika na mkono wa pedali unaharibika.

Tano, breki. Mipira ya breki iguse rimu, isiguse tairi. Ikigusa tairi, italila mpaka lipasuke. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli. Gurudumu lisizunguke. Fanya hivyo hivyo kwa breki ya nyuma.

Sasa, ndugu zangu, watu wakijaa uani wakisema, "Panda basi tuone!" usiwasikilize. Haraka haraka haina baraka. Baiskeli hii itambeba mama mjamzito kwenda zahanati. Itambeba mtoto. Itabeba gunia la mahindi kwenye mteremko. Breki isiyoshika haimdhuru aliyeifunga peke yake. Kwa hiyo ijaribu kwanza mahali tambarare, peke yako, bila mzigo.

Baada ya siku chache za kuitumia, chukua spana tena, pitia nati zote. Chombo kipya hulegea kinapozoea kazi.

Neno la mwisho ni kwa akina baba. Mnapounga baiskeli, waiteni wake zenu na mabinti zenu washike spana. Mama anayejua kukaza nati hatamngoja mtu arudi shambani ili mtoto mgonjwa apelekwe kutibiwa.

Na karatasi ile ya maelezo usiwashie moto. Itunze pamoja na spana.