Usukani Uliolegea



Dereva wa gari la zamani atokaye Karatina siku ya soko, amechukua abiria na magunia ya viazi, hudhani kwamba roho zao zimo mikononi mwake. Lakini usukani ukizunguka kabla magurudumu hayajafuata, roho hizo zimo katika vyuma vilivyolika.

Gari lisimamishwe mahali pa tambarare, breki ya mkono ikazwe. Mtu mmoja atikise usukani kushoto na kulia, wa pili atazame vyuma vya chini. Usukani ukicheza juu ya mhimili wake, nati iliyo chini ya kifuniko cha honi ndiyo iliyolegea; na ikazwe. Fimbo moja ikienda na ya pili ikachelewa, kiungo kilicho kati yao kimekwisha, budi kibadilishwe. Gurudumu lililoinuliwa kwa jeki likitikisika, beringi zikaguliwe.

Land Rover za zamani zina boksi la usukani lenye skrubu ya kurekebishia. Wengi huanza hapo, nao hukosea: ikikazwa mno, usukani huwa mzito, wala haurudi wenyewe baada ya kona. Skrubu hiyo iguswe mwisho.

Kiungo kipya hununuliwa dukani. Roho ya mtu haiuzwi.