Kabla ya Kuweka Nyumba Rehani ili Kujenga Vyumba vya Kupangisha

Ndugu wananchi wa Nyangoto,

Mgodi wa North Mara umeleta wapangaji, na baadhi yenu mnakusudia kukopa ili mjenge vyumba vya kupangisha. Tunawasihi mpime mambo matatu kabla ya kutia saini.

Kwanza, kodi ya pango hufuata ajira, lakini marejesho hayamngoji mpangaji. Tuchukue mfano: vyumba vitano vya shilingi 50,000 kila kimoja huingiza 250,000 kwa mwezi. Marejesho yakiwa 200,000, vyumba viwili vikikosa wapangaji mtatoa 50,000 mfukoni, kabla ya matengenezo.

Pili, ulizeni serikali ya kijiji kama kiwanja kina mgogoro au kimo katika eneo linalokusudiwa kutwaliwa.

Tatu, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hudai ridhaa ya mwenzi wa ndoa nyumba ya familia inapowekwa rehani. Mwenzi huyo asomewe mkataba wote kwanza. Mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji hutoa notisi ya siku 60, kisha aweza kuuza nyumba. Mkipokea notisi, nendeni benki mapema mkaombe kupangiwa upya marejesho; msisubiri dalali abishe hodi.